Mkono Wake Ulizoea Nini

Kabla sijataja bei ya saruji
huwauliza wafiwa swali moja:
mkono wake ulizoea kushika nini?
Wengine hudhani nawatania.
Kuna aliyeutazama mkono wake mwenyewe, akalia,
na siku ile hatukupima kitu.

Ndivyo Ntunzwe wa karakana ya reli
alivyopata msalaba wa vyuma viwili,
chuma kilekile alichokigonga miaka thelathini na moja
akitega sikio kama kina ufa.
Wajukuu wakija huugonga kwa kokoto.
Unalia vizuri. Hauna ufa.

Mama Kalunde aliuza chai stendi.
Vikombe vyake saba tulivididimiza kwenye lipu mbichi,
kimoja kina pengo:
ndicho alichonywea mwenyewe.
Mvua ikinyesha hujaa vyote
na ndege wa Cheyo hunywa, hawadaiwi.

Kasele alirina asali misitu ya Sikonge.
Wanawe wakaleta mzinga wa gome, mtupu,
wa kupambia tu, walisema.
Hata mwezi haukuisha, nyuki wakahamia.
Sasa padri humwombea akiwa mbali,
tena kwa haraka.

Ng'ambo ya barabara akina Hemedi hawanihitaji:
udongo, jiwe la kichwani, basi.
Sibishani na dini ya mtu.
Ila nimeona mjane wake kapanda mchaichai upande wa miguu,
na kila Ijumaa hukata jani moja,
hulinusa, huenda zake.

Si kwamba wote husema kweli.
Walikuja watu na vigae vinavyong'aa kama vya bafuni
na picha ya marehemu ndani ya suti.
Suti ile ilikuwa ya mpigapicha,
naijua, hata mimi nimewahi kuivaa.
Yule bwana nilimfahamu kwa kaptula
na baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa
akiisukuma kutoka Itetemia, jasho limemfunga macho.
Nikawawekea suti yao. Pesa ni yao.
Lakini chini, upande unaogusa nyasi,
nikachora mnyororo wa baiskeli kwa msumari,
jino kwa jino,
mpaka giza likanikuta.

Na yule aliyefia kwenye benchi la stesheni,
hana jina, hana ndugu,
mfukoni tiketi ya daraja la tatu.
Halmashauri ililipia mfuko mmoja.
Swali langu nimuulize nani?
Mkono ule ulikuwa umeshika tiketi.
Nikaligeuza jiwe lake magharibi, iendako reli,
nikaandika: ALIKUWA ANAKWENDA KIGOMA.
Sikuwa na lingine la kweli.
Mwaka wa pili nikakuta pale kokoto tano,
nyeupe, laini, zilizosuguliwa na maji ya ziwa.
Si za huku. Huku kokoto zetu zina makali.
Nani kazileta, sijui,
wala sijauliza.

Mke wangu ameniuliza: na wewe je?
Nikamwonyesha viganja, nyufa na saruji iliyogoma kutoka.
Akasema, hilo kaburi umeshalijenga,
njoo ule, ugali unapoa.

Leo asubuhi mjane wa Sizya kaniletea redio,
ya mbao, kitambaa cha mbele kimechanika.
Mumewe aliisikiliza kila usiku
hadi wimbo wa taifa upigwe, ndipo alale.
"Uijengee hapa kichwani," amesema.
Alipofika mlangoni akageuka:
"Fundi, betri tuziache ndani?"

Sijamjibu.
Nimeiweka juu ya mfuko wa saruji
na inaongea tangu alipoondoka:
bei ya tumbaku, salamu za wagonjwa wa Kitete,
mpira, tena bei ya tumbaku,
na sasa, kwa ile sauti ya taratibu,
majina ya waliofariki,
habari ziwafikie ndugu na jamaa wote
popote pale walipo.